Filamu ya muuaji wa hospitalini na hofu ya wodi

Mwezi huu tulikusudia kuandika juu ya chanjo za watoto. Lakini limetokea jambo katika wodi yetu ambalo tumeona lisingoje, na chanjo tutaziandikia wakati mwingine.

Aliletwa kwetu msichana wa miaka 11 kutoka upande wa Pangani, amebebwa mgongoni na mjomba wake tangu kituo cha basi. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba kutoka chini ya goti hadi karibu na kifundo, ngozi inang'aa, na hakutaka uguswe hata kwa kidole. Homa ilikuwa juu. Daktari alipompima alikuta ana maambukizi ndani ya mfupa. Ugonjwa huu huwapata watoto zaidi kuliko watu wazima, na ukiwahiwa katika siku mbili tatu za mwanzo, mara nyingi dawa za sindano peke yake humaliza kazi. Yeye alikuwa na siku tisa.

Tulimwuliza mama kwa nini wamechelewa. Akasema mtoto alikuwa akiuficha mguu. Alivaa sketi ndefu, akachota maji, akaosha vyombo, na alipoonekana anachechemea akasema amejikwaa kwenye kisiki. Usiku wa tisa akaanza kuweweseka, bibi yake akamfunua shuka, ndipo siri ikatoka.

Alipasuliwa siku ile ile, usaha ukatolewa. Usiku wa pili baada ya kupasuliwa, yapata saa 8, alimwita muuguzi wa zamu akamwuliza kwa sauti ya chini, "Sista, ule mlango wa mwisho umefungwa?" Akajibiwa kuwa umefungwa. Haikupita nusu saa akauliza tena. Usiku wa tatu ndipo aliposema anachokiogopa. Alikuwa anamwogopa "mtu wa maua".

Hatukuelewa. Asubuhi mama yake alitueleza kwamba mtoto alikuwa ameitazama filamu kwenye simu ya binamu yake, na binamu aliipata kwa kijana mmoja wa mjini anayerusha nyimbo na filamu kwenye simu za watu. Ilikuwa na sauti ya mtu anayeisimulia kwa Kiswahili juu ya maneno ya Kizungu, kama ilivyo desturi siku hizi, kazi iliyompa jina hapa Tanzania mtu kama Lufufu. Basi tukaitafuta. Tuliitazama sisi wauguzi wanne jioni moja baada ya zamu, na mmoja wetu, aliyekaa wodi ya upasuaji miaka zaidi ya ishirini na ambaye damu haimtishi, aliondoka katikati akisema ana nguo za kufua.

Filamu yenyewe inaitwa Visiting Hours, yaani saa za kutazama wagonjwa. Ilitengenezwa Kanada, mjini Montreal, ikatoka mwaka 1982, chini ya mwongozaji Jean-Claude Lord, mtu wa jimbo la Quebec. Miaka ile Kanada ilikuwa inatoa filamu za namna hii nyingi. Sababu yake ni kodi: kuanzia katikati ya miaka ya 1970 serikali ya huko iliwaruhusu wenye fedha kuondoa katika mapato yanayotozwa kodi gharama yote waliyoweka katika filamu ya nchini mwao. Watu wenye fedha wakakimbilia filamu, na filamu iliyo rahisi kutengeneza na rahisi kuuza ni ile ya muuaji mwenye kisu na watu wanaokimbia gizani. Ndiyo maana zikatoka kwa mfululizo, Prom Night mwaka 1980, My Bloody Valentine mwaka 1981, na hii ya hospitali mwaka uliofuata. Huko Uingereza hii ya hospitali iliwahi kuingizwa katika orodha ya kanda za video zilizotiliwa shaka na wasimamizi wa sheria, katika kelele zilizozaa sheria yao ya kanda za video ya mwaka 1984. Sasa miaka zaidi ya arobaini imepita, na filamu hiyo imefika kwa mtoto wa Pangani, bila sheria yoyote njiani.

Habari yake kwa kifupi ni hii. Mwanamke mmoja mwandishi wa habari, Deborah Ballin, anasema katika televisheni akimtetea mke aliyemwua mume wake baada ya kuteswa naye. Mfanyakazi mmoja wa pale kwenye televisheni, jina lake Colt Hawker, anachukizwa. Anaingia nyumbani kwa Deborah na kumjeruhi. Deborah anapelekwa hospitali, na yule mtu anamfuata huko. Anapita mlangoni kama mleta maua, akiwa na kamera, maana anapenda kuwapiga picha watu wakifa. Akimtafuta Deborah anawaua wengine, mgonjwa na muuguzi. Yuko pia muuguzi kijana mwenye watoto, Sheila, ambaye naye anaandamwa hadi nyumbani kwake. Mwishoni muuaji anajikata mwenyewe ili alazwe, aingie kwa njia ya wagonjwa. Anayemshinda ni Deborah mwenyewe.

Tunaeleza yote haya kwa sababu mzazi hawezi kumtuliza mtoto juu ya jambo asilolijua. Mama wa yule msichana alikuwa anamwambia, "Nyamaza, hakuna kitu," na mtoto alijua kwamba kitu kipo, amekiona kwa macho yake.

Sasa tuseme, kama watu tuliozeekea wodini, nini ni uongo katika filamu hiyo na nini ni kweli. Uongo wa kwanza ni ukimya. Hospitali ya filamu ina korido ndefu nyeupe, taa zinawaka, na hakuna mtu. Laiti tungepata korido ya namna hiyo siku moja! Wodi ya watoto katika mkoa wetu, wakati wa mvua za masika malaria inapopanda, ina watoto wawili katika kitanda kimoja, mama zao wamelala kwenye mikeka katikati, bibi mmoja yuko mlangoni na chupa ya uji, na mwingine anaulizia choo. Mgeni akiingia saa 8 usiku ataulizwa na watu sita kabla hajafika kitanda cha tatu: wewe nani, wa nani, unamtafuta nani. Muuguzi wa zamu huenda yuko peke yake na wagonjwa arobaini, hilo ni kweli na si jambo la kujivunia, lakini akina mama wa Tanga macho yao hayalali.

Uongo wa pili ni kwamba hatari ya hospitali ni mtu mwenye kisu. Hatari zilizopo hospitalini ni za kimya zaidi. Mikono isiyooshwa kati ya mgonjwa na mgonjwa imeua watu wengi kuliko wauaji wote wa filamu. Daktari Ignaz Semmelweis aliliona hilo kule Vienna mwaka 1847, alipowaagiza madaktari waoshe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwapima wazazi, na vifo vya homa ya uzazi vikapungua sana. Ukituona hatukunawa baada ya kumgusa mgonjwa wa jirani, tukumbushe. Hatutakasirika, na tukikasirika pia endelea kutukumbusha.

Kweli mojawapo ni ile ya maua. Kwetu hawaleti maua, wanaleta ndizi na hotipoti ya wali. Lakini mtu akivaa koti jeupe na kutembea kwa haraka hakuna anayemwuliza, na daktari bandia wamekwisha kukamatwa katika hospitali za nchi yetu. Wengi wao hawana haja na damu ya mtu, wanataka fedha. Hukuvuta pembeni koridoni, wakakwambia mgonjwa wako atapata kitanda au atapasuliwa haraka ukitoa kiasi fulani. Usimpe mtu fedha koridoni. Malipo hufanyika dirishani na stakabadhi hutolewa. Una haki ya kumwuliza anayemshika mgonjwa wako jina lake na kazi yake, na kama jibu halikuridhishi mwendee mkuu wa wodi.

Kweli ya pili ndiyo iliyomfanya mwenzetu aende kufua nguo. Filamu inaonyesha kwamba muuaji yule alikuwa mtoto aliyemwona baba yake akimpiga mama yake, na mama akajitetea kwa mafuta ya moto. Mengine yote katika filamu ni vitisho vya kuuzia tiketi, lakini hilo tunalijua. Mwanamke mwenye jeraha la panga mkononi anayesema ameanguka kwenye ngazi, na nyumba yake haina ngazi, tumemfunga bendeji. Mtoto anayekuja naye anasimama kando ya kitanda, hasemi neno, anatutazama tunavyoshona. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 hadi 2016, wanawake 40 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipofika miaka 15. Kila jumuiya ina nyumba za namna hiyo, na majirani wanazijua.

Kwa hiyo tuseme yanayohusu huduma. Majeruhi aliye katika hatari hutibiwa kwanza. Fomu ya polisi, ile PF3, ni muhimu kwa kesi, lakini haipaswi kumzuia mtu anayevuja damu asishonwe. Aliyebakwa, awe mkubwa au mtoto, asioge, asifue nguo alizovaa, aletwe haraka. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zina kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na namba ya simu ya watoto ni 116, haina malipo. Mengine ya ndani ya nyumba hatuwezi kuyamaliza katika ukurasa huu.

Turudi kwa msichana wetu. Tulijiuliza: watoto wengi wameona filamu za kutisha wakalala usingizi siku ya tatu. Mbona huyu aliamini hata akauficha mguu unaooza? Tukaona kwamba filamu ilikuta shamba limekwisha kulimwa.

Mlimaji wa kwanza ni mumiani. Sisi tuliozaliwa pwani hii tulilelewa na jina hilo. Usipite njia ile jioni, kuna gari la mumiani. Usikubali peremende ya mgeni, ni mumiani. Neno lenyewe ni la zamani. Kamusi za Kiswahili za wakati wa Waingereza zinaeleza kuwa mumiani ni kitu cheusi kama gundi, kilicholetwa kutoka Uajemi, ambacho Waarabu, Wahindi na Waswahili walikitumia kama dawa ya mifupa iliyovunjika na maumivu mengine, na kwamba watu wengi waliamini kuwa ni damu ya binadamu iliyogandishwa. Yaani tangu mwanzo, mumiani ilikuwa dawa. Kutoka kwenye dawa jina likahamia kwa mtu anayeaminiwa kuitafuta damu hiyo, na mtu huyo kila kizazi kilimvika nguo zake. Nairobi walisema ni wazimamoto, kwa sababu ya magari yao mekundu. Wengine walisema ni polisi, wengine Wazungu wa utafiti, na kila mahali hospitali haikukosa kutajwa, kwa kuwa ndiko damu inakoonekana ikiingia kwenye chupa.

Si mambo ya kuchekesha. Mwaka 1959 huko Buguruni, Dar es Salaam, uvumi wa mumiani uliwafanya watu kupambana na polisi. Mwaka 2017 kusini mwa Malawi uvumi wa wanyonya damu uliwafanya watu wawaue wenzao, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake katika wilaya kadhaa. Ukiuliza sababu, utakuta daima kuna jambo la kweli lililo chini yake: watu walichukuliwa damu bila kuelezwa ya nini, na mkubwa akaona hawana haja ya kuelezwa. Hapo nasi tunajilaumu. Mara ngapi tumemfunga mtu mpira mkononi, tukavuta chupa tatu za damu, tukaondoka bila kusema neno? Mgonjwa akirudi kijijini atasema nini?

Basi tueleze sasa. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Chupa ya kipimo huchukua mililita chache, chini ya kijiko kimoja cha chakula. Damu ya kuchangia ni mililita kama 450, hutolewa na mtu mwenye afya, mwenye umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50, na mwili huirudisha. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4. Damu hiyo hupimwa VVU, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende, kisha kundi lake, ikahifadhiwa kwenye jokofu, nayo hudumu wiki 5 tu. Tangu mwaka 2004 nchi yetu ina Mpango wa Taifa wa Damu Salama unaosimamia kazi hii. Damu haiuzwi. Yeyote atakayekudai fedha kwa ajili ya chupa ya damu, mwambie mganga mfawidhi siku ile ile. Na damu inakwenda wapi? Kwa mama aliyejifungua na kutokwa damu nyingi, ambaye anaweza kufa ndani ya saa mbili. Kwa mtoto wa Muheza au Mkinga ambaye malaria imemla chembe nyekundu hata viganja vyake vimekuwa vyeupe kama karatasi. Tumekaa na watoto wa namna hiyo huku ndugu wenye afya wamesimama nje chini ya mwembe wakinong'onezana juu ya mumiani. Wengine walikubali mwishowe. Wengine walipokubali ilikuwa alfajiri, na kazi iliyobaki ilikuwa kuosha mwili.

Mlimaji wa pili, wazazi wapendwa, ni ninyi. Tusameheane. Hapana siku inayopita bila kumsikia mama katika foleni ya kliniki akimwambia mtoto, "Ukilia nesi atakuchoma sindano." Nyumbani nako: "Usipokula nitakupeleka hospitali ukakatwe." Mtoto anasikia hivyo tangu ana miaka miwili. Sindano, ambayo ni msaada, imekuwa fimbo, na muuguzi amekuwa zimwi. Siku anayougua kweli, mtoto huyo anaona hospitali ni adhabu, na mwenye akili huikimbia adhabu. Yule msichana alitwambia mwenyewe kwamba aliona akisema mguu unamuuma atakuwa amejipeleka.

Hata maneno yetu ya kazi yanatisha. Dawa ya usingizi wa upasuaji tunaiita nusu kaputi, neno lililobaki kinywani mwetu tangu wakati wa Wajerumani, waliojenga hospitali ya zamani pale Bombo. Kaputi kwao ni kilichoharibika, kilichokwisha. Sasa mwambie mtoto kwamba kesho utafanywa nusu ya aliyekwisha, kisha umtake alale. Siku hizi tunajaribu kusema "dawa ya usingizi", ingawa wazee wetu bado wanacheka na nusu kaputi yao.

Mtoto anayekuja hospitali atayarishwe namna gani? Kwanza asidanganywe. Ukimwambia haitauma, na ikauma, hatakuamini kwa jambo la pili. Mwambie itauma kidogo, kama chungu anavyouma, kisha itakwisha, na mimi nitakushika mkono. Mtoto chini ya miaka saba hawezi kutenga vizuri kilicho cha filamu na kilicho cha kweli. Kwake aliyekufa kwenye kioo amekufa. Huyu usijaribu kumbishia kwa hoja, mpe usalama wa macho: mwonyeshe mlango, mwonyeshe dirisha, mwonyeshe mahali muuguzi anapokaa, mwonyeshe wewe utalala wapi. Aje na kitu chake, hata kama ni kanga ya bibi yake yenye harufu ya nyumbani. Mtoto mkubwa, kama huyu wa miaka 11, anajua filamu ni ya kuigiza lakini hofu haijui. Mwache aisimulie yote tangu mwanzo mpaka mwisho, usimkatize, kisha umweleze jinsi inavyotengenezwa. Sisi tulimweleza kwamba yule mtu wa maua ni mwigizaji, jina lake Michael Ironside, kazi yake ni kutisha watu naye hulipwa mshahara kama mwalimu au dereva, na kwamba damu ile ni rangi. Alifikiri sana, akauliza, "Sasa na kisu?" Tukamwambia na kisu pia.

Juu ya filamu zenyewe, nchi yetu ina Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na Bodi ya Filamu hupanga filamu kwa umri wa watazamaji. Zamani ilikuwa rahisi zaidi. Pale Majestic au Novelty mlangoni palikuwa na mtu wa kukata tiketi, na mtoto wa miaka 11 alirudishwa, ingawa wengine tulijipenyeza, hatutakataa. Vilipokuja vibanda vya video kule Ngamiani na vijijini, aliyekuwa na sarafu aliingia. Sasa kila simu ni kibanda. Hatudhani mzazi anaweza kuzuia kila kitu, lakini anaweza kujua nini kimo ndani ya simu ya nyumbani, anaweza kukataza filamu za mauaji usiku kabla ya kulala, na anaweza kumwuliza kijana anayerusha filamu awaangalie wateja wake kwa umri. Mtoto akianza kuota vibaya, kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, au kukataa kwenda chooni peke yake, mwulize ametazama nini, kwa upole, bila fimbo. Akipigwa kwa kutazama, safari nyingine hatasema, na hatasema pia juu ya mguu.

Kwa ajili ya mguu tunarudia, kwa kuwa tumewaona watatu mwaka huu: mtoto mwenye homa, anayelalamika maumivu mahali pamoja kwenye mfupa, au anayekataa kuukanyagia mguu au kuutumia mkono, aletwe siku ile ile. Asikandwe kwa nguvu, asichanjwe na wembe, asisubiri siku ya gulio. Usaha ukikaa ndani ya mfupa unakata njia ya damu, kipande cha mfupa kinakufa, na kipande kilichokufa hakiponi kwa dawa, hadi kitolewe.

Msichana wetu alikaa wiki saba. Kipande kimoja kilitolewa. Amerudi nyumbani na mkongojo, na daktari anasema huenda mguu huo ukabaki mfupi kidogo kuliko mwenzake. Atarudi kliniki kila mwezi. Katika wiki za mwisho alikuwa amezoea wodi kuliko sisi. Alipoingia mvulana mdogo wa Handeni aliyevunjika mkono, akawa analia usiku, tulimsikia akimweleza kutoka kitanda cha pili kwamba mlango wa mwisho kitasa chake kimelegea, ndiyo maana unagonga ukipigwa na upepo wa bahari, na kwamba fundi ameambiwa lakini hajaja. Fundi hajaja hadi leo.